Kinga ya Samaki Iko Utumboni

Kuku wa kienyeji huchanjwa dhidi ya kideri kwa tone moja la jichoni. Ndama huchanjwa kwa sindano. Mtoto akifikishwa kliniki hupewa chanjo nyingine kwa sindano na nyingine kwa matone ya kinywani. Sasa wasomaji wetu wa kanda ya Ziwa, wale waliojiingiza katika ufugaji wa sato wa vizimbani, wameuliza: je, samaki naye huchanjwa? Na kama huchanjwa, ni nani atakayewakamata samaki elfu kumi, mmoja baada ya mwingine, ili awachome sindano?

Swali la kwanza lina jibu fupi: naam, samaki huchanjwa. Swali la pili ndilo lenye uzito, kwa maana limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka themanini na hata leo halijamalizwa. Nitajaribu kulieleza kwa kadiri ya nafasi tuliyopewa, na nitaomba radhi mapema kwa sababu itatubidi tukae kwa muda mrefu ndani ya matumbo ya samaki.

Huenda msomaji asiye na kizimba akajiuliza jambo hili linamhusu nini, ikiwa haja yake ni samaki aliyekwisha kufika sokoni. Linamhusu. Walaji wanaongezeka, maziwa yetu hayapanuki, na kitoweo cha kesho kitazidi kutoka katika ufugaji. Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Serikali ilikabidhi boti na vizimba kwa njia ya mikopo. Upande wa Kenya, vizimba vimetapakaa katika maji ya Siaya, Homa Bay na Kisumu. Mwenye kizimba hununua vifaranga, kisha hununua chakula wiki baada ya wiki kwa miezi mingi, naye hapati hata senti moja mpaka siku ya kuvua. Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya fedha zake. Maradhi yakiingia mwezi wa tano, mkopo haufi pamoja na samaki.

Na maradhi yapo. Wako bakteria wa jamii ya streptokoka ambao humshambulia sato hata ubongoni: samaki huzunguka-zunguka juu ya maji kama aliyelewa, macho humtoka, mwili huwa mweusi, huacha kula, kisha hufa. Viko pia virusi vya sato ambavyo habari zake zilitangazwa mwaka 2014 kutoka Israeli, baada ya samaki wa Bahari ya Galilaya, ile ile tuisomayo katika Injili, kupungua kwa miaka kadhaa pasipo sababu kujulikana. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba virusi hivyo vimeonekana katika sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa kuvuliwa, ingawa havikuhusishwa na vifo vya halaiki. Wenzetu wa Ghana hawakupata bahati hiyo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2018 virusi vya aina nyingine, vinavyoharibu wengu na figo za samaki, viliingia katika vizimba vya Ziwa Volta na kuua sato kwa tani nyingi.

Mfugaji aliyeshikwa na hofu hukimbilia duka la dawa, akanunua viuavijasumu, yaani dawa za aina ya tetrasaiklini, akavichanganya na chakula. Kwa virusi dawa hizo hazifanyi kitu hata kidogo. Kwa bakteria zaweza kusaidia kwa kitambo, lakini samaki mgonjwa hali, kwa hiyo dawa huishia kwa wale ambao bado ni wazima. Na ile isiyoliwa huzama chini ya kizimba, huko ikawafundisha bakteria ukaidi. Ukaidi huo hauna mpaka kati ya ziwa na nyumba. Siku mtoto wako atakapoumwa na dawa ikashindwa kufanya kazi, hutajua ni bakteria gani aliyejifunzia wapi.

Norwei walikwisha kupita katika njia hiyo. Katika mwaka 1987 wafugaji wa samaki aina ya samoni nchini humo walitumia viuavijasumu karibu tani hamsini. Kisha zikaja chanjo za sindano zilizochanganywa na mafuta, zikaenea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matumizi ya dawa yakaporomoka. Leo nchi hiyo huzalisha zaidi ya tani milioni moja za samaki wa kufugwa kwa mwaka, na kwa miaka ya karibuni matumizi yake ya viuavijasumu yamekuwa chini ya tani moja. Sijui mfano mwingine katika ufugaji wa mnyama yeyote unaoonyesha wazi namna hii kwamba kinga ni nafuu kuliko tiba.

Lakini angalia jinsi kazi yenyewe ifanywavyo. Samaki hutolewa majini, hulazwa kwa dawa ya usingizi, huchomwa tumboni, hurudishwa majini aamke. (Msomaji wa Pemba na atabasamu: mafuta ya karafuu ni miongoni mwa vitu vinavyotumika kumlaza samaki usingizi.) Ziko mashine ziwezazo kuchanja maelfu kwa saa moja. Samoni ni samaki wa bei kubwa, anayekua kwa miaka, na gharama hiyo hulipika. Sato wa sufuria ya kawaida ni wa nusu kilo hivi, na bei yake ni ile anayoimudu mama wa familia. Isitoshe, vifo vingi humkuta angali kifaranga wa gramu chache, mdogo kama kidole cha mtoto. Huyo ukimchoma sindano utakuwa umemuua wewe mwenyewe kabla ya maradhi kumfikia.

Iko njia ya pili, ya kumtosa samaki katika maji yaliyotiwa chanjo. Chanjo ya kwanza ya samaki kupewa leseni duniani, nchini Marekani mwaka 1976, ilikuwa dhidi ya maradhi ya kinywa chekundu ya samaki aina ya trauti, na ilitolewa kwa namna hiyo: vifaranga hutoswa kwa nusu dakika tu, ngozi na mashavu yakapokea somo lao. Ni njia njema kwa wadogo. Walakini kinga yake haidumu sana, haifanyi kazi kwa kila maradhi, na samaki akishakuwa mkubwa ndani ya ziwa huwezi tena kumtosa mahali popote.

Basi akili ya kila mfugaji huja katika jambo lile lile moja: kwa nini chanjo isitiwe katika chakula?

Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 2022, polio ilipothibitishwa nchini Malawi, wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania wakiwadondoshea watoto matone mawili kinywani. Matone hayo ni kazi ya Daktari Albert Sabin, na busara yake ni hii: virusi vya polio huingia kwa kinywa na kuzaliana utumboni, kwa hiyo mlinzi awekwe pale pale mlangoni. Sindano hujenga kinga katika damu. Matone hujenga kinga katika utumbo pia. Samaki, anayeishi akiwa amezungukwa usiku na mchana na maji yenye kila aina ya kijidudu, utumbo wake ni mmojawapo wa milango mikubwa ya maradhi. Ungetegemea kwamba lililo jema kwa mtoto lingekuwa jema kwake.

Mtu wa kwanza kulijaribu alikuwa Duff, mtafiti wa Kanada, aliyechapisha kazi yake mwaka 1942. Aliwaua bakteria kwa klorofomu, akawachanganya na chakula cha trauti, akawalisha kwa muda mrefu, kisha akawatia samaki katika hatari ya maradhi yenyewe. Waliokula chanjo waliokoka kwa wingi kuliko wenzao. Baada ya hapo viuavijasumu vikashika soko, na kwa muda wa miaka thelathini hivi habari hiyo ikawa kama imesahauliwa. Dawa ilipokuwa rahisi, ni nani angehangaika na chanjo?

Wataalamu waliporudia jambo hilo walikutana na mashaka mawili. La kwanza lilihusu samaki mwenyewe: je, utumbo wake unayo kinga ya kufundishwa? Sisi binadamu tunavyo vituo vya kinga vilivyojengwa ndani ya ukuta wa utumbo, mithili ya vituo vidogo vya polisi kando ya barabara kuu. Tuna matezi ya limfu na uboho wa mifupa unaozalisha chembe za damu. Samaki wa jamii ya sato na samoni hana uboho wa namna hiyo, hana matezi ya limfu, wala hana vile vituo. Chembe zake za damu huzalishwa katika sehemu ya mbele ya figo. Na utumboni, askari wake wametawanyika mmoja mmoja katika ukuta mzima, mfano wa sungusungu wa kijiji ambao hawana kituo lakini kila kichochoro kina mtu wake.

Kwamba sungusungu hao wanafanya kazi kulithibitishwa pole pole. Huko Wageningen, Uholanzi, Rombout na wenzake walionyesha katika mwaka 1985 kwamba utumbo wa samaki aitwaye karpi haufanani tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya mbele husaga na kufyonza. Sehemu ya nyuma ina tabia nyingine kabisa: chembe za ukuta wake humeza protini zikiwa nzima, bila kuzivunja kwanza, na kuzikabidhi kwa askari waliokaa nyuma yake. Ni kana kwamba utumbo umeacha dirisha moja wazi makusudi, ili kinga ichungulie na kujua ni kitu gani kinachopita. Chanjo ya kinywani ikitaka kusikilizwa lazima ifike kwenye dirisha hilo.

Dirisha, kwa bahati mbaya, liko mwisho wa safari. Mwaka 1983 watafiti Johnson na Amend waliwapa samaki wa jamii ya samoni chanjo ile ile kwa njia mbili: kundi moja kwa kinywa, kundi jingine kwa mrija mwembamba uliopitishwa upande wa nyuma. Kundi la pili lilipata kinga bora. Msomaji anaweza kucheka, nami sitamlaumu. Hakuna mfugaji atakayelitumia jaribio hilo katika kizimba. Hata hivyo lilikuwa jaribio la maana sana, kwa sababu lilionyesha waziwazi kwamba kosa halikuwa la kinga ya samaki. Kinga ilikuwa tayari kujifunza. Chanjo ndiyo iliyokuwa ikiharibikia njiani.

Tangu hapo elimu imeongezeka. Mwaka 2005 wanasayansi walitambua aina ya kingamwili ambayo binadamu hana, ikapewa herufi T. Mwaka 2010, Oriol Sunyer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichunguza trauti waliopona maradhi ya kimelea cha utumboni. Katika damu walikuta kingamwili ya kawaida, ya herufi M. Katika utumbo walikuta hiyo ya T ndiyo iliyoshika silaha. Maana yake ni kwamba samaki ana jeshi la nchi kavu na jeshi la mpakani, na majeshi hayo mawili hayafundishwi mahali pamoja. Ukipima damu ya samaki uliyemlisha chanjo ukakuta kingamwili chache, usiharakishe kusema chanjo imeshindwa. Huenda umepiga hodi katika nyumba isiyo yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana liko jambo ambalo mama yeyote angeliuliza. Ikiwa utumbo una askari kila mahali, na kila siku unapitisha vitu vigeni, mbona hawapigani na chakula? Utumbo uliojaa ugomvi na kila kigeni ungepigana na ugali. Jawabu ni kwamba utumbo una hekima ya kuvumilia. Kitu kinachopita kila siku kwa utulivu, bila kuleta madhara, kinga hukizoea na kukiacha kipite. Hekima hii hutuweka hai, lakini ni mtego kwa mtengeneza chanjo. Ukimlisha samaki chanjo kidogo kidogo siku zote, waweza kumfundisha kinyume cha ulilokusudia: kwamba kijidudu hicho ni sehemu ya chakula. Tena umri una uzito wake. Watafiti waliwalisha vifaranga wachanga mno wa karpi vidudu vidogo vya majini vilivyoshibishwa chanjo. Baadaye, walipopewa chanjo tena, kinga yao iliitika kwa ulegevu kuliko ya wale ambao hawakuwahi kuionja. Kwa hiyo pupa ya kuchanja mapema si lazima ilete heri. Chanjo hutolewa kwa siku kadhaa, husimamishwa, kisha hurudiwa. Na kifaranga huachwa kwanza kinga yake ikomae.

Shaka la pili ndilo lililo gumu kwa sato hasa, nalo ni tumbo lake. Karpi hana tumbo la kusagia kwa asidi. Chakula chake huingia moja kwa moja katika utumbo. Sato analo, na tena ni kali ajabu. Elimu hii tuliipata hapa hapa kwetu. Katika Ziwa George, nchini Uganda, mtafiti Moriarty aliwachunguza sato na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973. Alitaka kujua ni vipi samaki huyu hunenepa kwa kula mwani wa kijani uliochanganyika na maji, chakula ambacho samaki wengi hawawezi kukimeng'enya kwa sababu kila chembe yake imefungwa katika ukuta mgumu. Akakuta siri iko katika asidi. Kwa kipimo ambacho maji safi ni 7 na maji ya limau hukaribia 2, tumbo la sato mwenye kushiba lilishuka hata kufikia 1.4. Asidi hiyo hupasua kuta za mwani, na utumbo mrefu, uliozidi mwili wake mara kadhaa, humalizia kazi.

Basi fikiri, ndugu msomaji: bakteria waliouawa na kuchanganywa na chakula wataponaje katika tanuri hilo? Protini zao, ambazo ndizo uso wa adui tuliotaka kinga iukariri, huvunjwa-vunjwa kabla ya kufika kwenye dirisha. Ni kama kumpelekea mlinzi picha ya mwizi iliyokwisha kuunguzwa motoni.

Moriarty aliona pia jambo jingine ambalo limenivutia kila mara. Asidi haimo tumboni saa zote. Alfajiri, sato anapoanza kula, tumbo bado halijaitoa. Mwani wa kwanza hupita ukiwa mzima, wa kijani vile vile ulivyoingia. Kadiri siku inavyoendelea na tumbo linavyojaa, ukali huongezeka. Mtu anaweza kujiuliza kama saa ya kulisha chanjo nayo haina neno lake. Hiyo ni fikira yangu tu, wala mfugaji asiichukue kuwa maagizo, kwa kuwa samaki wa kizimbani hali mwani wa ziwani peke yake bali hulishwa vidonge vya chakula kwa saa za mwenye kizimba.

Njia ambayo wataalamu wameishika zaidi ni kuivika chanjo vazi. Vazi linalopendwa ni alginati, utomvu upatikanao katika mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Si mwani wetu wa Paje na Jambiani, huo hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine.) Uzuri wa alginati ni tabia yake: ikikutana na asidi hujikunja na kujifunga, ikikutana na utumbo usio na asidi huvimba na kufunguka. Kwa hiyo hufunga mlango tumboni na kuufungua mbele, pale tunapotaka. Wengine hutumia kitosani, kitu kitokanacho na maganda ya kamba, ambacho hunata katika ute wa utumbo na kuifanya chanjo ikae kwa muda mahali pake isije ikapita haraka. Wengine huchanganya na mafuta. Katika Chuo Kikuu cha Putra, Malaysia, watafiti walilisha sato wekundu chakula chenye bakteria wa streptokoka waliouawa. Chakula kilichoongezwa mafuta maalum ya kuichochea kinga kiliwakinga samaki vizuri kuliko kile kisicho nayo.

Msomaji mwangalifu atauliza kwa nini tusitumie vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama katika matone ya polio. Vijidudu hai huzaliana utumboni, kwa hiyo kiasi kidogo hutosha. Vilivyouawa havizaliani, na hiyo ndiyo sababu moja chanjo ya chakula huhitaji kiasi kikubwa na hivyo kuwa ghali. Lakini kizimba hakina ukuta. Kilichomo ndani yake kimo ndani ya ziwa, pamoja na samaki wa porini, ngege na furu na wengine wote, na ziwa ni la nchi tatu. Kuachia kijidudu hai humo ni uamuzi usiorudi nyuma. Mimi ningependelea tuvumilie gharama.

Kisha liko tatizo la sinia. Waandalie watoto wanane chakula katika sinia moja, uondoke. Ukirudi utakuta mkubwa ameshiba, mdogo amelamba kingo. Ndani ya kizimba hakuna mama wa kusimamia. Samaki wenye nguvu hula mara mbili, wanyonge hupata makombo, wagonjwa hawali kabisa. Na chanjo nayo hugawanyika kwa namna hiyo hiyo. Sindano humpa kila samaki haki yake sawa. Chakula hakiwezi. Inasaidia kuwalisha wakiwa na njaa kidogo, kukitawanya chakula katika eneo lote, na kuwatenga kwa ukubwa ili wakubwa wasiwanyang'anye wadogo. Yote haya ni kazi ambayo mfugaji mwema huifanya hata pasipo chanjo.

Kwa sababu ya udhaifu huo, mahali ambapo chanjo ya chakula imekwisha kuingia katika matumizi mara nyingi imepewa kazi ya msaidizi. Samaki hutoswa au huchomwa kwanza, kisha miezi kadhaa baadaye, kinga inapoanza kufifia naye ni mkubwa asiyeshikika, hukumbushwa kwa chakula. Ndivyo ilivyofanywa kwa trauti wa Ulaya dhidi ya kinywa chekundu, na kwa samoni wa Chile dhidi ya maradhi ya bakteria wanaojificha ndani ya chembe za mwili. Na mfano wa Chile hautaki tujidanganye. Pamoja na chanjo zote walizokuwa nazo, wafugaji wa nchi hiyo walitumia zaidi ya tani 500 za viuavijasumu katika mwaka 2014. Adui anayejificha ndani ya chembe hafukuzwi kwa urahisi na kingamwili zinazozunguka nje.

Wala chanjo si jibu la kila kifo. Mwezi Novemba 2022 samaki wengi walikufa katika vizimba vya upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na sababu iliyoelezwa ilikuwa upungufu wa hewa ya oksijeni ndani ya maji. Maji ya chini, yasiyo na hewa, yakipanda juu kwa nguvu ya upepo, samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Samaki huyo hata angechanjwa mara kumi angekufa vile vile. Kizimba kilichowekwa katika maji ya kina kifupi, chenye samaki waliosongamana na chakula kilichorundikana chini yake, kinajitafutia balaa kabla ya kijidudu chochote kufika.

Kwa mfugaji anayesoma haya akiwa na vifaranga wa kununua wiki ijayo, neno langu ni la kawaida sana. Ajue vifaranga wake wametoka kituo gani, na awaangalie kabla ya kuwalipia: mwenye macho yaliyotoka au anayeogelea upande si wa kuchukuliwa hata kwa bei ya bure. Samaki waliokufa waondolewe kila asubuhi na kufukiwa mbali na maji. Kuwatupa ziwani ni kumpelekea jirani maradhi. Nyavu na ndoo za kizimba kimoja zisiazimwe kwa kingine bila kuoshwa na kuanikwa juani. Vifo vikizidi, amwite afisa uvuvi mapema na kumwonyesha samaki anayekaribia kufa, si aliyekwisha kuoza, maana aliyeoza hawezi kumweleza mtaalamu chochote. Na akitokea mchuuzi wa kumuuzia unga wa “chanjo” ndani ya mfuko usio na maandishi ya mtengenezaji, ya aina ya ugonjwa, wala ya tarehe ya mwisho, azihifadhi fedha zake. Chanjo ya streptokoka haizuii virusi, na hata ndani ya streptokoka zipo aina mbalimbali. Chanjo isiyotaja jina la adui wake haina adui.

Limebaki swali lililoletwa na msomaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hafugi bali anapika: je, samaki aliyelishwa chanjo ana madhara kwa mlaji? Chanjo hizi za chakula kwa sehemu kubwa ni bakteria waliokwisha kuuawa, au vipande vya protini zao. Samaki huvimeng'enya kama anavyomeng'enya chakula kingine, na moto wa jikoni humaliza kilichosalia. Mwenye kutiliwa shaka ni samaki aliyelishwa viuavijasumu akavuliwa kabla ya siku za kungojea kwisha, kwa kuwa mabaki ya dawa yaweza kuwa bado yamo katika nyama, na moto hauyaondoi yote.

Jumapili ijayo tutarudi nchi kavu. Wasomaji wa Kigoma wameomba tueleze namna ya kuanika dagaa juu ya vichanja wakati wa masika bila kuoza, nasi tumekwisha kuipata michoro ya vichanja hivyo.